Pingi inapita, VPN haipiti: kutafuta hitilafu kwenye ruta zinazotumia lebo

Malalamiko mengi yanayotoka kwenye mtandao wa MPLS, ambao ruta zake husukuma pakiti kwa kusoma lebo iliyobandikwa juu yake badala ya anwani ya IP, huja kwa maelezo yasiyoingia akilini: intaneti ipo, pingi inajibu, ila VPN ya kampuni imekufa tangu saa nne. Fundi mgeni hupiga pingi tena, huona majibu yote yamerudi, kisha huhitimisha kwamba tatizo liko kwa mteja. Mara nyingi haliko huko. Pingi ya kawaida imejibu swali moja tu, kama IP inafika. Kama lebo zinafika, na kama pakiti kubwa yenye lebo inafika, hakuna aliyeuliza.

Matabaka ni matatu na yamebebana. OSPF au IS-IS, itifaki za kutafuta njia ndani ya mtandao, ndizo zinazozijua barabara. LDP, itifaki ya kugawa lebo, haina barabara zake; huchukua njia ambazo OSPF imekwisha kuzichagua na kuzigawia lebo. BGP hukaa juu ya hizo mbili na kubeba njia za wateja. Hitilafu ya chini hujitokeza juu ikiwa na sura nyingine kabisa, kwa hiyo ukaguzi huanzia chini hata kama anayelalamika analalamikia BGP.

Kwa mifano yote tuchukue ruta nne zilizopangwa mstari mmoja: PE1, P1, P2, PE2. Anwani zake za Loopback0, kiolesura cha ndani ya ruta kisichotegemea waya wowote, ni 10.255.0.1 hadi 10.255.0.4. PE ni ruta za ukingoni zinazopokea wateja. P ni za katikati ya mkongo, na hazijui lolote kuhusu njia za wateja. Amri nilizotumia ni za Cisco IOS. Pale ambapo Junos, mfumo wa ruta za Juniper, inatofautiana kiasi cha kumpoteza mtu, nitasema.

Jirani wa OSPF hafiki Full

Full ni hali ya mwisho, ruta mbili zikiwa zimemaliza kubadilishana taarifa za njia. Asipofika huko, hali aliyokwamia jirani inakuambia karibu kila kitu. Asipoonekana kabisa, linganisha pande mbili za kiungo: namba ya eneo, maski, muda wa helo (kwa kawaida sekunde 10, na 40 za kumhesabu jirani kuwa amekufa), nywila, na kama kuna upande uliowekwa `passive-interface`. Akikwama Init, wewe unamsikia ila yeye hakusikii, basi tafuta kichujio au faiba iliyokatika upande mmoja. Akiishia 2-Way kwenye swichi yenye ruta nyingi, usihangaike: ruta mbili ambazo si DR (ruta kiongozi) wala BDR (msaidizi wake) hubaki hapo, na ni sahihi.

Akikwama ExStart au Exchange, angalia MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti ambao kiolesura kinabeba. Ruta hutaja MTU ya kiolesura chake ndani ya pakiti za maelezo ya hifadhidata, na yenye MTU ndogo huzikataa zinazotaja kubwa kuliko yake. Mitandao mingi imejaa amri ya `ip ospf mtu-ignore` kwa sababu ya hili. Amri hiyo hufanya kazi, na ndiyo shida yake: OSPF inapanda, kila mtu anarudi kwenye shughuli zake, na tofauti ya MTU inabaki pale pale ikisubiri lebo zianze kubandikwa. Sawazisha MTU badala ya kuiambia ruta ifumbe macho.

OSPF iko Full lakini LDP haina kikao

LDP hukutana kwa hatua mbili, na kuzitenganisha kunapunguza nusu ya kazi. Kwanza ruta hutuma helo kwa UDP poti 646 kwenda 224.0.0.2 juu ya kila kiolesura kilichowashiwa LDP. Wakishasikiana, hufungua kikao cha TCP, poti 646 pia, safari hii kati ya anwani za usafirishaji, ambazo kwa kawaida ndizo Loopback0. Kwa hiyo helo hupita juu ya waya mmoja, lakini kikao kinahitaji njia kwenye jedwali.

Angalia hatua ya kwanza:

`show mpls ldp discovery`

Jirani asipoorodheshwa, kuna upande uliosahau `mpls ip` kwenye kiolesura, au kichujio kinazuia UDP 646. Akiorodheshwa na pembeni pameandikwa `no route`, helo imefika lakini Loopback0 yake haimo kwenye OSPF. Hapo itangaze tu, kikao kitapanda chenyewe.

Akiorodheshwa bila kasoro na bado hakuna kikao, zimebaki TCP na nywila. Ruta yenye anwani kubwa ya usafirishaji ndiyo inayofungua muunganisho. Kati ya PE1 na P1, basi, ni P1 inayobisha hodi kwenye poti 646 ya PE1. Kichujio kilichoandikwa na mtu aliyedhani PE ndiyo huanza kitaruhusu upande usiofaa. Nywila za MD5 zisipolingana, TCP haifunguki kabisa, na logi ya ruta hulitaja kosa hilo waziwazi; isome kabla ya kubuni nadharia.

Kuna kisa kingine cha hatua hii kinachosumbua kwa sababu hutokea muda mrefu baada ya kosa lenyewe. IOS isipoelekezwa, huchagua kitambulisho cha LDP kutoka kwenye loopback yenye anwani kubwa kuliko zote. Mtu anaongeza Loopback10 yenye 192.168.50.1 kwa ajili ya jaribio fulani na kuisahau. Kikao kilichopo hakiguswi. Siku ruta inapozimwa kwa matengenezo na kuwashwa, kitambulisho kipya kinakuwa 192.168.50.1, anwani ambayo OSPF haijawahi kuitangaza, na vikao vyote vya LDP vya ruta hiyo vinagoma kwa pamoja. Lawama huangukia matengenezo. Dawa ni mstari mmoja ambao ungepaswa kuwepo tangu siku ya kwanza:

`mpls ldp router-id Loopback0 force`

Kwenye Junos, kusahau `family mpls` kwenye kiolesura kunaleta mkanganyiko wa aina yake: kiolesura hakipokei pakiti zenye lebo hata kama itifaki zenyewe zinaonekana nzima. Kagua mahali pote patatu: kiolesura, `protocols mpls`, na `protocols ldp`.

Kila kitu kiko juu, pingi inapita, VPN haipiti

Hili ndilo tatizo lenyewe, na ndilo linalostahili muda wako.

Fuata pakiti ya VPN. PE1 inaipokea kutoka kwa mteja na kuibandika lebo mbili. Ya ndani ilitolewa na PE2 kupitia BGP, na maana yake anaijua PE2 peke yake: mteja fulani, VRF fulani (jedwali la njia la mteja huyo peke yake). Ya nje ilitoka LDP na kazi yake ni kuifikisha pakiti kwa PE2. P1 inabadili lebo ya nje. P2, ambayo ni ya pili kutoka mwisho, inaibandua, kwa kuwa PE2 ilishaitangazia lebo namba 3, yaani ibandue kabla hujaniletea. PE2 inapokea pakiti ikiwa imebaki na lebo ya ndani, inaisoma, na kuipeleka kwa mteja.

Sasa tuseme kiungo cha P1 na P2 hakina LDP. Pakiti ya kawaida ya IP, yenye lebo moja, inafika P1. P1 haina lebo ya kutumia mbele, kwa hiyo inaibandua na kuiachia IP iendelee. P2 inaijua 10.255.0.4 kwa OSPF, pakiti inafika, pingi inajibu. Pakiti ya VPN ikifika hapo hapo P1, chini ya lebo ya nje kuna lebo nyingine isiyomhusu yeyote isipokuwa PE2. P1 haiwezi kuitoa kama IP, na inaitupa. Kiungo kile kile, anwani ile ile ya mwisho, matokeo mawili tofauti.

Ushahidi umo kwenye jedwali la lebo la P1:

`show mpls forwarding-table 10.255.0.4`

Safu ya lebo inayotoka inaweza kuonyesha namba, neno `Pop Label`, au neno `No Label`. Namba maana yake lebo inabadilishwa. `Pop Label` maana yake inabanduliwa kwa makusudi kwa sababu jirani ameomba, na ni halali mahali pamoja tu, kwenye ruta ya pili kutoka mwisho. `No Label` maana yake jirani hakutoa lebo yoyote kwa njia hiyo. Macho yaliyochoka huyasoma maneno hayo mawili kama kitu kimoja, na ndiyo maana hitilafu hii hudumu saa nyingi. Kwenye P1, njia ya kwenda 10.255.0.4 lazima iwe na namba. Ukiona `No Label` kwenye ruta yoyote kati ya PE1 na PE2, umefika eneo la tukio.

Sababu za `No Label` si nyingi. Ya kwanza nimeitaja, kiungo kisicho na LDP. Mara nyingi ni kiungo kipya cha akiba ambacho OSPF ilikipenda mara moja huku fundi akiwa hajamaliza usanidi.

Ya pili ni maski ya Loopback0, nayo ina hila zaidi. Tuseme PE2 imepewa 10.255.0.4 yenye maski 255.255.255.0. OSPF hutangaza loopback kama njia ya /32, yaani ya anwani moja tu, bila kujali maski iliyoandikwa, kama RFC 2328 inavyoelekeza. LDP ya PE2 haiangalii kilichotangazwa na OSPF. Inaangalia jedwali la ndani, inaona 10.255.0.0/24 iliyounganishwa moja kwa moja, na kutoa lebo kwa /24. P2 ina njia ya /32 na imepewa lebo ya /24. LDP hudai vitu hivyo viwili vilingane kikamilifu, havilingani, matokeo yake ni `No Label`. Kikao cha LDP kiko juu, OSPF iko Full, kila kipimo cha afya ni cha kijani. Andika 255.255.255.255 na yote yanaisha.

Ya tatu ni ndugu wa hiyo: kufupisha njia mpakani mwa maeneo ya OSPF. Ruta ya mpakani ikizikusanya loopback zote na kutangaza 10.255.0.0/24 moja, zile /32 zinapotea upande wa pili, na lebo zake zinapoteza kazi. RFC 5283 ya 2008 iliruhusu LDP kukubali njia pana zaidi, lakini inabidi kuwashwa. Mimi naona ni salama zaidi kutofupisha loopback za PE hata kidogo. Hazizidi idadi ya PE zenyewe.

Badala ya kutembelea kila ruta, unaweza kuuliza swali sahihi kutoka PE1:

`ping mpls ipv4 10.255.0.4/32`

Pingi hii ilielezwa kwenye RFC 4379 ya 2006, na sasa iko kwenye RFC 8029. Uzuri wake ni anwani inayokwenda: ndani ya lebo, pakiti imeandikiwa anwani ya 127.0.0.0/8. Lebo ikibanduliwa mapema mahali fulani, ruta ya hapo haiwezi kuisukuma mbele kwa IP, kwa sababu anwani za 127 hazielekezwi popote. Inafia pale pale palipoharibika, au inajibiwa na ruta ya pale ikisema mimi siye mwisho. Haiwezi kufika kwa mlango wa nyuma kama pingi ya kawaida. `traceroute mpls` hukuonyesha lebo kituo kwa kituo, na ukishaizoea utaacha kuanza na nyingine yoyote.

Kwenye Junos dalili hujitokeza mapema zaidi. Njia za VPN hutafuta PE2 kwenye jedwali la inet.3, ambalo hujazwa na njia zenye lebo pekee. PE2 ikikosekana humo, njia za VPN zinafichwa, na `show route hidden` itazitoa. Tena, kwa kawaida Junos hutoa lebo kwa loopback yake tu, ilhali IOS huzitolea lebo njia zote zisizo za BGP. Kwenye mtandao wenye mchanganyiko wa hizo mbili, kukosa lebo ya kiungo fulani upande mmoja si hitilafu.

Pakiti ndogo zinapita, kubwa zinazama

Mteja anasema kurasa nyepesi zinafunguka, kupandisha faili kunaganda. Au kikao cha BGP kinapanda, kinakaa sekunde 180 kamili (90 kwenye Junos), kinaanguka, kinapanda tena. Ujumbe mkubwa wa kwanza wenye njia nyingi haukupita, na kwa kuwa TCP hupeleka kwa foleni, ujumbe mdogo wa kusema bado nipo umekwama nyuma yake. Saa ya subira inaisha.

Kila lebo ni baiti 4. Pakiti ya mteja ya 1500 yenye lebo mbili ni 1508. Kama unabeba fremu nzima ya Etheneti yenye VLAN, ongeza baiti 14 za kichwa, 4 za VLAN na 4 za neno la udhibiti: 1530. Swichi iliyo katikati ya ruta mbili, yenye kikomo cha 1500, hutupa pakiti hizo bila kumwambia mtu. Kaunta za makosa kwenye ruta zako zitakuwa sifuri; za swichi ndizo zinazopanda.

Pima kwa ukubwa, ukikataza pakiti kukatwakatwa, na pima ukiwa ndani ya VRF ili lebo zote mbili zibandikwe:

`ping vrf MTEJA 172.16.4.1 size 1500 df-bit`

Kwenye IOS hiyo 1500 inajumuisha vichwa vya IP na ICMP. Kwenye Junos, `size` haivijumlishi, kwa hiyo kipimo kile kile huandikwa 1472. Watu wawili wanaopima kiungo kimoja kutoka pande mbili wamewahi kubishana kwa sababu hii tu.

Mkongo uweke 9000 kama vifaa vinaruhusu, na usikae kwenye 1508 kwa kuona hesabu imetosha. Ukiwa na ulinzi wa haraka wa RSVP-TE, itifaki nyingine ya kuweka njia za lebo, kiungo kikikatika ruta hubandika lebo ya ziada ya kupitia njia ya akiba, na pakiti iliyokuwa ikienea barabara inazidi kwa baiti 4. Tatizo la MTU linalotokea tu wakati kiungo kikuu kiko chini, kisha linatoweka kinaporudi, karibu kila mara ni hili.

Upande wa wateja wa PPPoE, wanaoingia mtandaoni kwa kufungua kikao juu ya Etheneti, hesabu ni nyingine: kichwa chake ni baiti 8, MTU inabaki 1492, na MSS ya TCP, kikomo cha data ndani ya pakiti moja, inapaswa kushushwa hadi 1452 kwenye ruta inayofunga vikao vyao. Usilitibu tatizo la mkongo kwa kuishusha MSS zaidi ya hapo. UDP haisikii.

Njia ya mteja haionekani kabisa upande wa pili

Hapa lebo hazina hatia. Kagua kama familia ya vpnv4 imewashwa kati ya majirani wote wa BGP, akiwemo mwakisi wa njia, ruta inayozisambaza njia za BGP kwa wenzake. Kama jamii za ziada (extended communities) zinatumwa, maana bila hizo route-target, alama inayoamua njia iingie VRF ipi, haisafiri. Na kama route-target inayotolewa PE1 ndiyo inayopokelewa PE2. RD, namba inayotangulizwa kwenye njia ya mteja, haichagui nani aingie VRF ipi, inatofautisha tu anwani zinazofanana. Kulinganisha RD pande mbili ukitarajia njia zitokee ni kupoteza muda.

Kiungo kikirudi, huduma inakatika tena

Kiungo kinapokatika trafiki inahamia njia nyingine salama. Kinaporudi, VPN zinapotea kwa sekunde kadhaa. OSPF imepanda kwanza na kuvuta trafiki, LDP bado inafungua TCP na kubadilishana lebo, na katikati ya hapo ni `No Label` ya muda. RFC 5443 ya 2009 inatatua hili: OSPF hukitangaza kiungo kwa gharama ya juu kabisa, 65535, mpaka LDP iwe tayari.

`mpls ldp sync`

Amri hiyo huwekwa ndani ya usanidi wa OSPF. Athari yake ya pembeni ni kwamba LDP ikigoma kabisa, kiungo kitaonekana kizima ila hakina trafiki. Ukikuta gharama ya 65535 usiyoiandika wewe, rudi kwenye sehemu ya vikao vya LDP hapo juu.

Traceroute inaonyesha kituo cha kwanza kikiwa na ucheleweshaji wote

Si hitilafu. P1 haijui njia ya kumrudia mteja, kwa hiyo ujumbe wake wa TTL (hesabu ya vituo ambavyo pakiti inaruhusiwa kupita) kuisha huusukuma mbele kwa lebo zile zile hadi PE2, kisha ndipo urudi. Vituo vyote vya mkongo huonyesha muda unaokaribiana na wa kituo cha mwisho. Na kama vituo vya mkongo havionekani kabisa, kuna aliyezima kunakili TTL, pengine kwa makusudi.

Kichakato kimelemewa, jedwali la lebo limefura

Dalili hii ni ya ruta zinazopokea wateja wa majumbani. Kila mteja anayeingia kwa PPPoE hupewa anwani moja, yaani njia ya /32. Mtu akiandika `redistribute connected` ndani ya OSPF, kila anayeingia na kutoka anatikisa mtandao mzima, na kwenye IOS kila /32 inapewa lebo kwenye kila ruta, lebo ambayo hakuna VPN itakayoitumia. Umeme ukikatika mtaa mmoja, ruta za mbali kabisa zinahangaika.

Anwani za wateja zitangazwe kwa BGP, kama bwawa zima badala ya mmoja mmoja. OSPF ibaki na viungo na loopback. Kisha LDP ielekezwe itoe lebo kwa orodha ya loopback za PE tu:

`mpls ldp label`
`allocate global prefix-list LOOPBACK`

Usichague `allocate global host-routes` hapa ukidhani ni njia ya mkato, kwa kuwa wateja wako nao ni /32. Na kabla ya kufunga dirisha la kazi, rudia `ping mpls ipv4` kwenda kwa kila PE. Loopback moja iliyosahaulika kwenye orodha hiyo itajibu pingi ya kawaida bila shida yoyote.